Chungu cha Uji cha Mwalimu Akisa

Tulipomzika Mwalimu Akisa kwao Moding, baada ya mavuno ya wimbi, wazee wawili walifika maombi yakiwa yamekwisha. Watu walikuwa wameshagawanyika, wengine kwenye sahani za ugali, wengine kwenye vyungu vya ajono, ile pombe ya wimbi ambayo Wateso huinywa kwa mirija mirefu, wote wakikizunguka chungu kimoja. Mmoja wa wazee hao alikuwa mrefu, kichwa cheupe kabisa. Mwenzake mfupi alitembea kwa kumshika begani kwa sababu ya goti bovu. Wakatafutiwa viti, wakapewa mirija. Yule mfupi akaushika wake, akautazama, kisha akaulaza majanini na kukunja mikono. Hakunywa. Vijana waliokuwa wakigawa chakula wakaanza kucheka. "Mzee huyu ameokoka leo asubuhi?" "Wacha bwana, anaogopa mkewe amemtuma mpelelezi." Yule mrefu hakucheka. Alingoja kidogo, akasema, "Haya, chukua sasa," na mwenzake akainama, akauokota mrija, wakanywa pamoja. Mimi nilikuwa nimekaa na akina mama wa kanisa, sahani mapajani, nikaiweka chini. Kati ya watu wote waliokuwa katika boma lile, nadhani aliyebaki hai wa kuelewa walichokuwa wakifanya nilikuwa mimi peke yangu. Aliyewafundisha tulikuwa tumetoka kumfukia.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa mwalimu mpya, nimetumwa katika shule ya sekondari ya bweni kati ya Adungosi na Malaba. Nilikuwa msichana wa Funyula, Msamia, sijui neno la Kiteso zaidi ya salamu. Nilipewa masomo ya dini na Kiswahili, nikakabidhiwa na ulezi wa chama cha wanafunzi Wakristo, nami niliuchukua kama mtu aliyepewa ufunguo wa mbinguni. Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ya vyumba viwili chini ya bati moja, na ukuta wa katikati haukufika juu. Chumba cha pili kilikuwa cha Mwalimu Akisa, aliyefundisha upishi, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kila alfajiri, kabla ya kengele, nilimsikia akiomba kwa Kiteso. Maneno sikuyaelewa, lakini katikati yake yalipita majina, na baada ya majuma machache nikayatambua: yalikuwa majina ya wanafunzi, mmoja mmoja, jinsi walivyokaa darasani. Mimi nami niliomba kwa sauti nzuri, kwa Kiswahili safi, nikiombea shule, taifa na mataifa. Leo nikipiga magoti najikuta nafuata njia yake, naanza na wanaokaa karibu na dirisha.

Tulikula pamoja. Yeye alipika ugali wa muhogo na mtama, ule mweusi unaoshika vidole, na kunde zilizoungwa kwa karanga. Mimi nilileta omena kutoka upande wetu wa ziwa. Ulikuwa muhula wa kwanza na chakula kilikuwa kitamu, ila mazungumzo yetu yalirudi kila mara mahali pamoja. Kabla ya shule kufunguliwa, lori lililokuwa likijaribu kuipita foleni ya mpakani lilimgonga kijana wa boda boda, wakati ule zikiwa bado baiskeli, akafa pale pale kwenye lami. Dereva aliogopa umati. Aliruka, akakimbilia polisi, na wenzake wakamwambia asionekane mazishini kama anapenda uhai wake. Hakuonekana. Hakutuma mtu. Kijana aliyekufa alikuwa kaka yake Emojong wa kidato cha tatu. Dereva alikuwa baba yake Wandera wa kidato hicho hicho, aliyetoka Busia mjini. Madawati yao yalitenganishwa na njia ya kupita mwalimu.

Siku ya kwanza ya masomo Emojong aliingia, akamwona Wandera, akakaa. Lakini kabla ya juma kwisha darasa lilikuwa limejigawa lenyewe, Wateso ukutani, wengine dirishani, na mtu akidondosha kalamu upande wa pili hakuifuata. Dawati moja lilivunjwa. Kisha blanketi la Wandera likakutwa ndani ya choo. Naibu wa mkuu aliwachapa wote, upande huu na upande ule. Chumba cha walimu kilikuwa na meza ndefu, birika la chai na harufu ya mahindi ya kuchemsha, na humo ndimo nilimosikia hukumu ya watoto wale. "Hawa dawa yao kiboko," alisema naibu. Mwalimu Akisa hakuacha kupukuchua mahindi yake. "Umewachapa Jumatatu, ukawachapa Jumatano. Dawa gani hiyo mtu anameza kila siku na homa haishuki?" Walimu wakacheka. Naibu akasema, "Basi wapikie, Madam." Akasema, "Nitawapikia."

Siku ya soko, kijana wa boda boda aliingia getini akiwa amefunga chungu kikubwa kwenye keria, akapiga kelele uwanja mzima usikie: "Madam Akisa! Pombe ya shule nishushe wapi?" Shule nzima ilitoka madirishani. Kabla ya chakula cha mchana, msichana mmoja wa chama chetu alikuja kwangu, uso umemkauka. "Madam, sisi tumeanza kufunga." "Mnafunga kwa ajili gani?" "Kwa ajili ya chungu." Nilimsifu, nikaenda moja kwa moja jikoni kwa Akisa, nimejaa moto wa Bwana. Nilimkuta akisafisha mirija kwa maji ya moto na kuipanga ndani ya ganda la mwanzi. Nilimwambia kwamba mlevi hafundishwi kiasi kwa kuketishwa kilabuni. Akanijibu bila hasira, "Ndani utaingia uji, mdogo wangu. Wa wimbi, mwepesi, uliochujwa." Nikasema hata kama ni uji, chungu ni cha pombe. "Hiki? Kimefinyangwa juzi, kimenunuliwa leo. Hakijaonja chochote. Kwa wokovu kimekuzidi." Kisha akanitengea kigoda. "Usinihukumu ukiwa umesimama. Njoo Ijumaa, ukae, uone."

Ijumaa, saa ya michezo, aliwaketisha kidato cha tatu kwa makundi ndani ya jiko la shule. Kundi alilonipa kukaa nalo lilikuwa na Emojong, na yeye alikaa ng'ambo ya chungu, ananitazama. Wandera alikuwa kundi lingine, siku nyingine. Hilo Akisa alilipanga kwa makusudi na mimi sikuuliza kwa nini. Masharti yalikuwa yale ya wazee wake: shika kwa mkono wa kulia, usipulize, usichungulie ndani ya chungu, usigombe penye mrija. La tano aliliongeza yeye: anayesema autoe mrija wake mdomoni, na wengine wote wabaki na yao midomoni. Niliona ni mchezo. Kisha nikaona watu wenye umri wa kumkatiza kila mtu wakiwa wamefungwa midomo na uji wenyewe. Huwezi kumjibu mwenzako kabla hajamaliza ukiwa unanyonya. Swali lake lilikuwa moja tu: umekuja na nini leo? "Nimekuja na njaa," alisema wa kwanza, tukacheka, na Akisa akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa jibu zito. Wa pili alisema amekuja na aibu, kwa sababu mama yake anauza pombe ya chang'aa karibu na foleni ya malori na jana madereva walimtania mbele ya wenzake. Hakuna aliyecheka. Nilitazama ndani ya nafsi yangu, nikaona ya kwamba tangu nifike shuleni hapo sikuwa nimemuuliza mtoto yeyote swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Ijumaa ya tatu, au labda ya nne, zamu ya Emojong ilifika, akautoa mrija. "Nimekuja na spoki," akasema. Akapeleka mkono kwenye soksi, akatoa spoki ya baiskeli iliyonolewa kwa jiwe mpaka ncha ikang'aa. Ilikuwa ya gurudumu la kaka yake. Wale wengine walibaki na mirija midomoni, macho yamewatoka, na hakuna hata mmoja aliyeendelea kunyonya. Mwalimu Akisa akasema, "Asante kwa kutuambia. Iweke hapo karibu na chungu. Ukiondoka utaichukua." Akaiweka. Saa ilipokwisha, akaichukua. Niliongozana na Akisa hadi nyumbani, nikasema lazima Mkuu wa shule aambiwe leo hii. "Tukimwambia," akasema akiwasha jiko, "atafukuzwa leo. Likizo ikifika atamngoja mwenzake kwenye lami, mahali ambapo mimi na wewe hatupo. Hapa ameileta kwenye chungu. Niache niendelee kuiona." Nilimuuliza, na siku asipoileta? Akakoroga ugali muda mrefu. "Hiyo siku nitaogopa. Leo naogopa kidogo tu." Alfajiri iliyofuata, ukutani, jina la Emojong lilikaa mdomoni mwake kuliko mengine yote, kisha la Wandera, kisha, kwa mara ya kwanza nilivyosikia, langu.

Tuliishi hivyo miezi. Kila Ijumaa spoki ilikaa chini kando ya chungu, na kila Ijumaa iliondoka. Emojong alianza kusema. Alisema hawezi kula ugali wa moto kwa sababu kaka yake ndiye aliyekuwa akimpozea. Alisema siku nyingine hasira humjia miguuni kwanza. Alisema kwamba kwao mtu mwenye kifo kati yake na wewe hunywi naye chungu kimoja mpaka baba zenu wakae wapatane. Ukinywa umemuuza marehemu, na ukikataa mbele ya watu umetangaza vita. Hayo yalizunguka bweni zima, kama yote yanavyozunguka, na bila shaka yalimfikia Wandera. Katika kundi lake yeye, Akisa aliniambia, Wandera alikuwa akisema kitu kimoja tu kila juma: "Nimekuja na baba yangu."

Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema wa kutoka mbali, mwenye haraka. Mwanzoni alikiogopa chungu kuliko mimi. Lakini madawati yalikuwa hayavunjwi tena, naibu alikuwa amepumzisha mkono, na muhula wa pili ukielekea mwisho akakipenda kwa ghafla, kwa namna iliyotuponza. Siku ya wazazi ilikuwa karibu. Kwenye meza ya chai alitangaza kwamba wageni wataonyeshwa matunda: Emojong na Wandera wangeketi kwenye chungu kimoja mbele ya wote, wapeane mikono, wanywe. Mwalimu Akisa aliweka kikombe chini. "Mwalimu, hao bado. Baba zao hawajakaa." "Madam, hii ni shule, si baraza la wazee. Vijana wamesamehe." "Nani kasema?" "Si ndiyo kazi ya chungu chako?" Akisa alisimama, akamweleza tena, polepole, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Mkuu akatabasamu kama anavyotabasamu mtu ambaye kadi za mwaliko ameshazituma. Ijumaa ya juma hilo Emojong alikuja jikoni, akaulizwa amekuja na nini. Akasema, "Sijui." Kando ya chungu hapakuwa na kitu. Nilimtazama Akisa, naye akanitazama. Emojong alipompita mlangoni, Akisa alimshika mkono, akamwambia kitu kwa Kiteso, lakini kijana alikuwa ameshatazama mbali.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali, mahema mawili, wazazi kwenye viti vya madarasa, mchungaji, wajumbe wa bodi na baba yake Emojong nyuma kabisa, amesimama na baiskeli. Baba yake Wandera hakuwapo. Chungu kiliwekwa katikati ya uwanja. Vijana wawili wakaitwa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na wanakwaya, na kutoka pale niliuona mstari mwembamba ukisimama ndani ya soksi ya Emojong. Walipeana mikono jinsi watu wanavyogusana wakipita mlango mwembamba. Wakaketi. Mkuu akasema maneno mengi kuhusu amani, watu wakapiga makofi, akasema, "Sasa wanywe." Emojong aliuweka mrija mdomoni. Mrija hauonyeshi kama mtu ananyonya au hanyonyi; kitu pekee kinachosema ni koo. Nililitazama koo lake. Halikusogea. Mkono wake wa kushoto, uliokuwa gotini, ulianza kuteremka kwenye muundi, taratibu, kama unaojikuna. Mwalimu Akisa alikuwa ameshasimama.

Ndipo Wandera akautoa mrija mdomoni, akaulaza majanini. "Samahani, Mkuu. Mimi sinywi." Nilisikia breki za malori kule foleni. Mkuu akacheka kidogo. "Kunywa, kijana." "Hapana." "Nimesema unywe!" Sauti ya Wandera ilisikika mpaka nyuma. "Kaka yake alikufa. Baba yangu hajaenda kwao. Mimi ni nani ninywe naye? Ninayekataa ni mimi. Yeye hajakataa." Watu wakaanza kunong'ona, mama mmoja karibu nami akasema, "Angalia kiburi cha watoto wa madereva," na Mkuu, uso umemwiva, akamshika Wandera mkono, akamwambia afungashe vitu vyake aende zake, asirudi bila baba. Emojong alibaki ameketi, mrija bado mdomoni. Mkono wake ulikuwa umesimama pale ulipofika. Halafu ukapanda, polepole, ukarudi gotini. Nimesoma na kufundisha maisha yangu yote lile fundisho la mtu aiachaye sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, na kila nilisomapo simwoni mtu mwingine isipokuwa mvulana yule akiulaza mrija majanini na kujitwisha aibu ambayo haikuwa yake.

Wandera aliondoka jioni ile. Chungu kilifungiwa stoo, na Mwalimu Akisa akaambiwa mbele yetu sote kwamba akiendelea na mambo ya kilabu atahamishwa. Ijumaa iliyofuata aliwaketisha vivyo hivyo, duara, pasipo chungu. Hawakuwa na mrija wa kuwanyamazisha na bado walinyamaza. Akauliza, "Nani hayupo?" Emojong akasema, "Wandera." Akatoa spoki, akaiweka pale ambapo chungu kingekuwa. Saa ilipokwisha hakuichukua. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwishowe Akisa aliiokota, akaifunga kwenye kitambaa.

Jumatatu nilikuwa katika chumba cha karani, nikichapisha mitihani, na ukuta uliotutenganisha na ofisi ya Mkuu ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilisikia mlango, kisha sauti ya Emojong. "Mkuu, nimekuja kuomba Wandera arudi." "Yule aliyekukataa mbele ya watu?" "Hakunikataa, sir. Alinitoa." "Alikutoa wapi?" Niliacha kuchapa. Nikajua kwamba akilitaja lile lililokuwa kwenye soksi amekwisha, atafukuzwa, na pengine polisi wataitwa. Na asipolitaja, Mkuu hataelewa kamwe. "Nilikuwa na kitu siku ile," alisema Emojong. "Ningemdunga nacho. Alijua nitafanya ubaya, akanitangulia." Kiti cha Mkuu kililia. Nilingoja kusikia jina la naibu likiitwa, na fimbo. Niliomba, si kwa Kiswahili safi, niliomba jina tu. Mkuu akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Hicho kitu kiko wapi sasa?" "Kwa Madam Akisa." "Na wewe uko wapi?" Nikasikia kijana analia, na nikasikia kiti cha Mkuu kikisogezwa, na nyayo zikizunguka meza. Nilitoka nje. Yaliyobaki hayakuwa yangu kuyasikia.

Mkuu mwenyewe alipanda gari kwenda Busia kumtafuta yule dereva. Alikwenda zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho alikwenda na Mwalimu Akisa. Nashukuru Mungu kwa watu wenye haraka wanaokubali kurudi walikopita mbio. Wandera alirudi darasani mwanzo wa muhula wa tatu, na shule ilipofungwa, boma la kina Emojong lilipokea wageni. Nilialikwa kama shahidi wa shule. Dereva alikuwa mtu mnene aliyekonda kwa ghafla, nguo zimemlegea. Wazee walimweka katikati, akasema alilokuja kulisema: kwamba alimwona kijana akianguka, kwamba alikimbia, kwamba tangu siku ile hajalala bila kumwona. Hakujitetea. Mama yake Emojong alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Baba yake alikaa hadi kivuli cha ghala kikatufikia, ndipo akaitikia kwa kichwa, na chungu kikaletwa. Baba wawili walikunywa kwanza. Kisha mzee mmoja akaelekeza mirija kwa vijana.

Wandera aliushika wake, akauangalia, akaulaza majanini. Alingoja. Hakutaka kuwa wa kwanza, au hakuamini. Nami nilirudi kuogopa kama siku ile ya uwanjani, maana Emojong alikuwa ameshauweka wake mdomoni na macho yake yalikuwa chini, na nililitazama koo lake na halikusogea. Mwalimu Akisa, kando yangu, alishika mkono wangu kwa nguvu hata kucha zikaniumiza. Emojong akautoa mrija. "Haya," akasema. "Chukua sasa." Wandera akauokota. Wakainama wote wawili juu ya chungu kimoja, na nikaliona koo la Emojong likipanda, likashuka.